Nondo wa Muthulu

Nzembi akipita mbele ya kibanda changu sokoni Mitaboni, mpaka leo anainamisha kichwa. Watu huniambia, "Mama Mwelu, msamehe mwenzako, miaka imekwenda." Huwa nawaambia wanyamaze, maana hawajui wanachosema. Mimi na Nzembi tulisameheana zamani. Anainamisha kichwa kwa sababu tukitazamana tutalia, na soko ni mahali pa kuuza ndengu.

Lakini siku ile, woi! Siku ile ningekuwa na nguvu ningempiga kwa jembe lake mwenyewe.

Mwelu alikuwa binti yangu wa pekee. Alikuwa akishona katika kiwanda cha nguo huko Athi River, na alirudi nyumbani mwezi wa nne, zile mvua za El Nino zikiwa ndiyo tu zimetuacha. Alishuka barabarani amejifunika leso mbili, na jua lilikuwa kali. Nilipomshika mkono niligusa mfupa. Ulikuwa ugonjwa ule ambao siku hizo tuliutaja kwa kunong'ona, na dawa zake hazikuwa zimefika kwa watu kama sisi. Sikumuuliza chochote. Nilimtandikia kitanda katika chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazama muthulu.

Muthulu huo ndio mti mkubwa wa boma letu, na ndio kivuli chetu. Mwezi ule Mwelu aliporudi, mti ulikuwa umejaa viwavi, kama miaka mingine. Sitawadanganya, viwavi hao si wa kupendeza. Ni weusi ti, wanene kama kidole gumba, mwili mzima miiba myeupe inayoelekea umanjano, na ubavuni vimepangwa vidoa vyekundu. Hukaa makundi makundi, na wakianza kula utasikia mvua ya vinyesi vyao ikidondoka juu ya majani makavu. Wakimaliza, mti umebaki uchi. Jirani zangu wakiwaona kwenye miti yao huwachoma moto. Mimi niliwaacha kila mwaka kwa sababu ya Mwelu na baba yake.

Marehemu mume wangu, Jeremiah, alikuwa mtu wa nyuki. Mizinga yake ilining'inia katika msitu wa juu kwenye vilima vya Iveti, na Mwelu akiwa mdogo alimfuata huko kila likizo, mbio mbio nyuma yake. Kulikuwa na msitu wakati huo, si hii mikaratusi mnayoiona. Asubuhi ukungu haukuondoka mpaka jua liwe juu, na miti mikubwa ilikuwa na ndevu za kijani mpaka kwenye matawi. Huko ndiko Mwelu alikomwona nondo kwa mara ya kwanza, mchana, ametulia kwenye shina la muthulu, mkubwa kuliko kiganja cha baba yake. Jeremiah alimwambia asimguse, anapumzika, kazi yake ni ya usiku. Mwaka uliofuata mtoto akanijia na kiondo kimejaa viwavi. Nilipiga kelele mpaka jirani wakaja. Jeremiah akacheka tu, akawapandisha mmoja mmoja kwenye muthulu wetu.

Baadaye msitu ulikatwa. Miti ya muthulu ya kule juu ilikwenda kwa mbao na makaa, nyuki wakahama, na Jeremiah naye akashikwa na kifua, akaniacha. Mtu akitaka kumwona nondo yule, ilibidi aje kwangu.

Basi mwaka ule Mwelu alikaa chini ya mti kwenye kiti cha baba yake, amejifunga blanketi, akiwatazama viwavi wakila. Mwezi wa sita ulipoanza wakashuka shinani kwa foleni, wakachimba udongo kwa vichwa vyao, wakazama. Huko chini kila mmoja hujifunga ndani ya gamba jeusi linalong'aa. Sisi nyumbani tuliliita kokwa, kwa sababu ya umbo lake, ila hili ukilishika linajinyonganyonga mkononi.

"Mwaitu, wameingia wote," Mwelu akaniambia, maana kwetu mama huitwa mwaitu. "Watatoka na mvua ya Novemba."

"Wakitoka ni vizuri."

"Nitawangoja."

Neno hilo nililikamata kwa mikono miwili. Daktari alikuwa ameniambia kwa upole nisitazame mbali, nimtunze tu asiumie. Na huyu hapa anaitazama Novemba! Julai ikapita, Agosti ikapita, wanawake wenzangu wakishangaa jinsi mgonjwa anavyojikaza. Mimi nilijua. Mtoto wangu alikuwa anaishi kwa ajili ya wale nondo waliolala chini ya mti.

Vita vyetu vilikuwa juu ya chakula. Mdomo wake ulikuwa umejaa vidonda, na kila kijiko cha uji kilikuwa mashtaka.

"Kula."

"Nimeshiba, mwaitu."

"Umeshiba nini, upepo? Fungua mdomo huo."

"Unajua nondo yule akitoka hana mdomo? Baba alinionyesha. Anakula akiwa kiwavi, anakula kabisa kabisa. Akishapata mabawa amemaliza mambo ya kula. Siku zake zilizobaki anaishi kwa kile alichokula zamani."

"Wewe si nondo, wewe ni mtoto wangu. Fungua."

Alikuwa akicheka, ameshika shavu kwa maumivu, halafu akifungua mdomo. Nami nikijisifu moyoni kwamba nimeshinda. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini mzazi naye ana ukaidi wake.

Mwisho wa Oktoba nikaenda Machakos mjini kumtafutia dawa ya vidonda. Nilimwacha kitandani, maji karibu naye, mlango umeegeshwa. Sasa huyu Nzembi alikuwa mwenyekiti wa mwethya wetu, kikundi cha wanawake wanaosaidiana, leo wamelima shamba langu, kesho la mwingine. Mwethya hauiti mtu kwenda kulala. Nyumba ikiwa na mgonjwa, wanawake huja kuteka maji, kukata kuni, kuchimba mitaro ya shamba ili wewe uuguze. Walikuwa wamenitendea hayo yote, na ninawashukuru. Lakini siku ile Nzembi alitazama boma langu akaona kitu kingine. Aliona boma la mlimani, limeinama, halina pahali pa watu kuketi. Mnaelewa? Aliona kwamba siku si nyingi watu watakuja wengi, viti vitahitaji kukaa sawa, na kivuli ni kimoja tu.

Wakaja na majembe na sururu. Wakachimba chini ya muthulu upande wa juu, wakavuta udongo upande wa chini, wakasawazisha.

Mwelu alisikia majembe. Alijua mara moja yanachimba wapi. Akaita. Jamani, sauti yake wakati huo haikuvuka mlango, na kwa vile vidonda maneno yalitoka kama mlio tu. Wanawake wakausikia ule mlio. Wakadhani ni maumivu. Na mwethya wetu hulima kwa nyimbo, kila mtu anajua hivyo, basi Nzembi akasema, "Mwimbieni mtoto, apate nguvu." Kila alipoita wao wakapandisha wimbo. Aliita mpaka akakosa pumzi. Waliimba mpaka kazi ikaisha, na nia yao ilikuwa njema kabisa.

Nilipofika niliona udongo mwekundu umelala sawa kama kitanda kilichotandikwa, umefagiwa, umenyunyiziwa maji kidogo kuzuia vumbi. Wanawake wameketi pembeni, jasho linawatoka, wanatabasamu. Na kuku wangu wako katikati, wananyang'anyana vitu vyeusi vinavyong'aa.

"Karibu, mama Mwelu," Nzembi akasema. "Tumekutengenezea uwanja. Na tumepata wadudu wengi huko chini, kuku wako leo wamekula Krismasi."

Niliangusha mfuko wa dawa. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu. Nilimwambia kama ana hamu ya matanga, aende akayafanye kwao. "Mmekuja kumchimbia mtu anayepumua! Mtoto wangu yuko ndani anapumua, Nzembi, na wewe unamtengea nafasi ya viti!"

"Si hivyo, mama Mwelu, ni vumbi tu, tuliona..."

"Vumbi gani? Aka! Nitokee hapa!"

Wale wengine waliokota majembe wakaondoka, vichwa chini. Na kweli, nisiwe mwongo, pale uwanjani ndipo tulipoketi baadaye, na hakuna kiti kilichoyumba. Lakini siku ile nilimchukia.

Ndani nilimkuta Mwelu ameanguka nusu mwili nje ya kitanda, mkono umeelekea mlangoni. Nilipomrudisha alikuwa mwepesi kama kiondo kitupu. "Niliwaita," akasema. "Niliita, mwaitu. Wakaniimbia." Machozi yalikuwa yamemkaukia mashavuni.

Nilitoka nje nikawafukuza kuku, nikapiga magoti, nikaanza kuchambua ule udongo kwa vidole. Nilipata magamba yaliyokatwa na jembe, uji wa manjano umetoka. Nilipata nusu nusu. Nilikuwa nalia kwa sauti kama mtoto. Kumbe Nzembi hakuwa ameondoka. Alikuja akapiga magoti upande wa pili, akachambua naye. Nilitaka kumfukuza, lakini mikono ni mikono. Tulifika mpaka kwenye ua, pale udongo wa mwisho ulipotupwa, na jua lilikuwa linashuka aliponyosha kiganja chake. Kokwa moja, zima, linajinyonga taratibu.

"Ni hili ulilokuwa unatafuta?" akauliza. Hakujua kitu, maskini.

Nililitia katika chungu cha zamani, kile kilichopasuka mdomo, nikalifunika kwa udongo wa pale pale, nikasimamisha kijiti cha muthulu katikati ili akitoka apate pa kupanda. Chungu nikakiweka kando ya mto wa Mwelu. Aliweka mkono juu yake, akalala.

Hapo ndipo yalipoanza yangu mimi. Novemba iliingia kavu. Kwetu hupandwa udongo ukiwa mkavu, mbegu zingojee mvua, kwa hiyo mahindi ya kila mtu yalikuwa ardhini yakiliwa na mchwa. Kanisani waliomba mvua kwa machozi, wazee wakitazama upande wa Kilimambogo kuona kama kuna wingu. Nami nilisimama katikati yao na mikono imeinuliwa, nikimwomba Mungu aizuie. Mbegu zangu mwenyewe zilikuwa huko chini! Lakini nilikuwa nimeshafanya hesabu ya moyo wangu. Mwelu alisema atawangoja. Huyu mmoja asipotoka, Mwelu ataendelea kungoja. Mvua ikinyesha, nondo akitoka, basi mtoto wangu hatakuwa na kitu cha kumzuia.

"Mwaitu, nyunyizia maji kwenye chungu," Mwelu alianza kuniomba.

"Mvua ni ya Mungu."

"Kikombe kimoja tu. Atadhani ni mvua."

"Tusimdanganye mdudu wa watu. Kula uji."

Alikula. Kila siku aliniomba, kila siku nilimkatalia, na kila siku alikula kijiko kimoja kwa ajili yangu. Usiku nilimsikia akiguna. Alikuwa hawezi kulala ubavu wowote, mifupa imetoboa ngozi. Nilimgeuza, nilimpaka mafuta, na bado nilikataa kutia maji.

Nzembi alikuja kila siku. Nilimwacha akae mlangoni bila kumkaribisha, naye akakaa. Siku moja alimtazama Mwelu akilala, akatazama chungu, akakitia kidole. Mwelu alikuwa amemweleza habari yote.

"Mama Mwelu," akasema, "mbegu ukiiweka chini bila maji haikungoji. Inaliwa hapo hapo, au inakauka. Hata huyu ni vile vile."

"Wewe ndiye wa kunifundisha? Wewe?"

"Mimi ndiye," akasema. "Niliwaua wengine kwa kutojua. Wewe unajua."

Nilimwonyesha mlango. Akaondoka. Nilibaki nimesimama nikitweta, nikitafuta tusi la kumfuata nalo, na nikasikia sauti kitandani. Mwelu hakuwa amelala.

"Nimechoka, mwaitu," akasema. "Mimi ninakungoja wewe, si yeye."

Hakulia aliposema hivyo. Aliniangalia tu kwa yale macho yake makubwa, macho ya Jeremiah.

Nilikwenda kwenye mtungi. Nilichota kikombe kimoja. Njiani nikamwaga maji kidogo kwenye sakafu, na ya kwenye sakafu hayazoleki. Yaliyobaki niliyanyunyiza kwa vidole juu ya chungu, polepole, mpaka udongo ukawa mweusi na chumba kikanukia mvua. Mwelu alifumba macho akavuta ile harufu. Siku zilizofuata nilifanya hivyo hivyo bila kuombwa.

Baada ya hapo hakukaa sana, na nondo vile vile. Ya mazishi sitayasimulia, kila mama aliyezika anayajua, na ambaye hajazika Mungu amwepushe. Nitawaambia jioni ile nondo alipotoka, basi.

Jua lilikuwa bado mlangoni. Udongo wa chungu ukatikisika, ukapasuka, na kitu kikajikokota nje, kimelowa, kimekunjamana, kibaya cha sura. Nilidhani amezaliwa kilema. Akapanda kile kijiti mpaka juu, akaning'inia, akatulia. Mwelu aliniomba nimwinue, nikamweka mgongo wake kifuani kwangu kama nilivyokuwa nikimpakata alipokuwa mdogo. Tukatazama mabawa yakijaa na kushuka, kidogo kidogo, mikunjo ikitoweka, mpaka yakawa mapana na laini. Yalikuwa na rangi ya udongo wetu ukilowa, wekundu ndani ya kahawia, na mstari mweupe uliofifia ukipita katikati. Bawa la mbele lilikuwa na kidirisha kidogo kisicho na rangi, ungeweza kuona upande wa pili. Na alipofungua ya nyuma, macho mawili ya rangi ya chungwa, yamezungushiwa weusi, yakatutazama. Kichwani manyoya matupu, laini, kama ya kifaranga.

"Ni mzuri, woi, ni mzuri," nikasema, na nilikuwa nalia.

"Baba angefurahi," Mwelu akasema. "Mwaitu, mtazame mdomo."

Niliinamisha uso wangu karibu. Nilitafuta pale mdomo ungekuwa. Manyoya tu.

"Hana," nikasema.

"Nilikuambia."

Bakuli la uji lilikuwa kando, nilikuwa nimelileta kama kawaida. Kwa mazoea nikachota kijiko, nikakipuliza, nikakiinua. Mwelu alikitazama, kisha akanitazama mimi. Hakugeuza uso. Ningesisitiza angefungua, najua, maana miezi yote ile alifungua. Midomo yake ilianza hata kuachana, na nikaona damu kwenye fizi.

Nilirudisha kijiko kwenye bakuli.

"Asante, mwaitu," akasema, akaegemeza kichwa chake begani kwangu.

Kwetu chakula hakimwagwi. Uji ule niliula mimi mwenyewe, nimempakata, machozi yakidondokea ndani yake, na Mwelu akanitazama nikila mpaka ukaisha.